Muthokoi Ulivyopanda Cheo: Sikukuu na Jiko la Ukambani

Krismasi hufika Ukambani kabla ya mavuno. Mvua za vuli, ambazo wakulima wa Kitui na Makueni huziamini kuliko za masika, huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ikifika Desemba, mashamba yamekoza kijani: kunde zinatambaa, mahindi yako kiunoni, ndengu zinatoa maua. Ghalani, hata hivyo, magunia yamelegea. Ndipo mabasi ya kutoka Nairobi na Mombasa yanapoanza kushusha watu Emali, Wote, Kibwezi, Mwingi na Kitui mjini, kila mmoja na mzigo wake wa unga wa ngano, mchele, mafuta ya kupikia, sukari na majani ya chai. Ukimtoa mbuzi, kuku na embe la msimu, sikukuu kubwa kuliko zote za mwaka hupikwa kwa vyakula ambavyo shamba la nyumbani halikuzaa.

Ndani ya mizigo hiyo mna historia ndefu ya mapishi. Kwa zaidi ya karne moja Wakamba wamewaandalia wageni kile kilichokuwa adimu wakati huo, na kilichokuwa adimu hakikukaa kimoja. Mahindi yenyewe yaliwahi kuwa mgeni. Ikaja zamu ya wali, chai ya sukari, chapati, kisha keki. Na sasa muthokoi, pishi la mahindi yaliyokobolewa, ambao kizazi cha wazazi wetu kiliula hadi kikauchoka, ndio unaoulizwa kwanza na watoto wao wanaporudi kutoka mjini. Chakula cha kila siku na chakula cha karamu vimebadilishana nafasi, na mabadiliko hayo yameletwa na reli, njaa, vita, misheni na maradhi.

Zamani nafaka za nchi hii zilikuwa mawele, mtama na wimbi. Kando yake zilipandwa mbaazi, kunde, fiwi na njugu mawe, mazao yanayovumilia jua ambalo huua mengine. Unga ulisagwa juu ya jiwe, ukapikwa ngima, yaani ugali, au usuu, uji uliotiwa ukwaju au unga wa ubuyu upate uchachu. Mibuyu na mikwaju haikupandwa na mtu, lakini kila familia ilijua mti upi hutoa matunda matamu na upi huzaa hata mwaka wa ukame. Patrick Maundu na wenzake, katika kitabu chao kuhusu mimea ya chakula cha asili cha Kenya kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa mwaka 1999, waliihifadhi sehemu kubwa ya elimu hiyo. Ninakiheshimu sana kitabu hicho, kwa sababu kiliandikwa wakati wengi walikuwa bado wanaliona tunda la porini kuwa aibu ya maskini.

Sikukuu ya nyakati hizo ilifuata mvua. Mazao mapya hayakuliwa kabla ya wazee kuyapeleka ithembo, mahali pa ibada penye miti mikubwa isiyokatwa, ambapo pia walitoa sadaka kuomba mvua. Charles Hobley, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wakamba mwaka 1910, na baada yake Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, waliziandika ibada hizo kwa kirefu. Kinywaji cha heshima kilikuwa uki, pombe ya asali iliyochachushwa kwa tunda kavu la mwegea. Ndoa nayo ilifungwa kwa mbuzi wa ntheo, na bado hufungwa hivyo: bila mbuzi hao, hata kama harusi ya kanisani imefanywa kwa suti na shela, wazee watasema msichana hajaolewa. Katika karamu za zamani, basi, nafaka ilikuwa ile ile ya kila siku. Kilichoitofautisha siku ni nyama, asali, na ruhusa ya kuonja mavuno.

Ukamba haukuwa kisiwa. Wakamba waliokimbia njaa katika miaka ya 1830 walilowea karibu na Rabai, nyuma ya Mombasa, na misafara ya pembe za ndovu ikawa inapita kati ya pwani na Kitui. Mkubwa wa wafanyabiashara wa misafara hiyo alikuwa Kivoi. Mwishoni mwa 1849 alimpokea mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Krapf alirudi 1851, Kivoi akauawa wakiwa safarini karibu na mto Tana, na mgeni yule akabaki nyikani akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki na mfuko wa darubini. Ukisoma safari zake unaelewa kwa nini mapishi ya nchi hii yamejengwa juu ya vyakula vikavu vinavyobebeka na kukaa muda mrefu. Maji na kuni ndivyo viungo vya kwanza.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ikipasua nchi ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Ilipita katikati ya msiba. Miaka ya 1898 na 1899 mvua zilikosekana, ndui ikazuka, na mifugo ilikuwa imekwisha kupukutishwa na sotoka. Njaa hiyo wazee waliiita Ngomanisye, ile iliyoenea kila mahali. Mchele ulioletwa kwa reli uligawiwa wenye njaa, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza walionja wali. Ninaamini heshima ya wali katika karamu za Ukambani imebeba kitu cha kumbukumbu hiyo: nafaka nyeupe kutoka mbali iliyookoa mtu.

Mafundi na vibarua wa reli waliotoka Punjab walikuja na unga wa ngano na kaango la bapa. Katika mji wa Makindu Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli walijenga hekalu lao, Guru Nanak Darbar, mwaka 1926. Linasimama mpaka leo kando ya barabara kuu ya Mombasa, na msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa kula bila malipo: chapati, dengu, mboga, chai ya maziwa. Madereva wa malori wanalijua, familia zinazosafiri kwenda pwani zinalijua, na watoto wa Makueni wameonja chapati za hapo kabla hawajazionja kwingine. Siwezi kudai kuwa chapati ya Krismasi ilizaliwa Makindu, maana maduka ya Wahindi yalikuwa yameenea hadi Kitui na Machakos na kila duka liliuza ngano. Ila ikiwa kuna mahali pa kusimama na kuonyesha kwa kidole namna chapati ilivyoingia Ukambani kwa upole, ni pale mezani.

Krismasi yenyewe ililetwa na misheni. Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha, kusini mwa Kitui, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission Nzaui, Makueni, mwaka 1895, akafa mwaka uliofuata. Pamoja na Biblia na shule zilikuja chai, mkate na sukari, polepole, kwa njia ya watumishi wa jikoni na wanafunzi wa bweni. Katika mji wa Kitui, ambako Uislamu ulifika na wafanyabiashara wa pwani, Idi ilikwisha kuwa na pilau yake. Kisha vita vikuu viwili viliwachukua vijana wengi wa Kikamba jeshini. Waliorudi mwaka 1945 walikuwa wamezoea chai ya kijeshi yenye sukari nyingi, biskuti na nyama ya kopo, na mshahara wao ulijenga vibanda vya kwanza vya chai katika masoko ya vijijini.

Nyama, wakati huo, ilikuwa imeanza kuwa adimu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa hoja kwamba walikuwa wengi kuliko malisho, huku kiwanda cha Liebig cha Athi River kikisubiri kuwachinja. Maelfu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Ng'ombe aliyebaki akawa akiba ya karo na mahari, na mbuzi wa Krismasi akapata uzito ambao babu yake hakuwa nao.

Keki ilikuja kwa mlango wa wanawake. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha kushona, usafi, malezi na mapishi, na katika mapishi hayo kulikuwa na keki. Mafunzo yalibuniwa na watu wenye jiko la oveni. Wanafunzi hawakuwa nalo, nao wakatafuta njia. Chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu wa mtoni chini, uupashe hadi upate moto sana. Weka vijiwe vitatu juu ya mchanga, kisha sufuria ndogo yenye mchanganyiko wako. Funika kwa bati, na juu ya bati tandaza makaa. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Mchanga hupokea joto na kulitoa taratibu, keki haiungui kitako, na makaa ya juu huipaka rangi. Hiyo ni oveni kamili, imetengenezwa kwa mali ya Ukambani, maana mchanga hapa ni mwingi kuliko maji. Keki nyingi za harusi, za ubatizo na za kuuzwa kwa mnada katika harambee za shule zilipikwa hivyo, na waliozipika wanastahili kuitwa mafundi.

Nayo mahindi? Yalijulikana pwani tangu enzi za Wareno, ila utawala wake Ukambani ni wa karne ya 20. Sababu moja huwa tunaisahau. Mawele na mtama huzaa nje, wazi, na ndege humaliza shamba wasipofukuzwa toka alfajiri hadi jioni. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Shule zilipowachukua watoto, hindi lililojifunika kwa maganda yake lilikuwa na faida ambayo mtama haukuwa nayo. Soko na serikali vikasukuma upande huohuo, na miaka ya 1960 watafiti wa Katumani, karibu na Machakos, wakatoa mahindi yanayokomaa mapema, kabla mvua fupi haijakatika. Baba na mama zetu walikua wakila mahindi na kuyahesabu kuwa ya asili.

Isyo ndilo pishi la msingi: mahindi makavu na maharagwe, mbaazi au kunde katika chungu kimoja. Muthokoi ni isyo iliyofanyiwa kazi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu hadi ganda na kiini vitoke, yakapepetwa kwenye ungo, yakaanikwa. Kinachobaki ni punje nyeupe, laini, inayoiva upesi zaidi, isiyosumbua tumbo, na inayokaa miezi bila kuharibika. Huchemshwa na mbaazi kwa saa kadhaa, kisha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, au huliwa hivi hivi kwa chumvi. Utamu wake hautoki kwenye viungo. Unatoka kwenye mchuzi mzito ambao wanga wa punje na mbaazi huutengeneza wenyewe, mradi mpishi asichoke na asiongeze maji baridi katikati. Wali wa pwani una nazi. Muthokoi una subira ya mpishi.

Kazi ya kinu ilikuwa ya wanawake wawili au watatu, mchi ukipishana na mchi. Chungu kikubwa kilipikwa siku ya mwethya, watu walipokuja kukuchimbia makinga-maji au kukupalilia, kwa sababu mwenye shamba alilipa kwa chakula. Kwa hiyo muthokoi ulikuwa chakula cha kazi. Hakuna aliyeupeleka mezani mbele ya mkwe siku ya Krismasi.

Susu wangu, mama mzaa mama, aliishi upande wa Mbooni, na kwake Krismasi ilianza mkesha, kwa karai la unga. Chapati zilisukumwa kwa chupa ya soda, zikapikwa juu ya jiko la makaa, zikarundikwa ndani ya sufuria iliyofunikwa kitambaa cheupe ambacho hakikuonekana siku nyingine. Kila mtoto alijua fungu lake. Kesho yake mbuzi alipikwa mchuzi, na chai ilikuwa ya maziwa matupu. Muthokoi wa juzi ulikuwa bado upo chunguni nje, na hatukuutazama. Leo ninaikumbuka ladha ya ule muthokoi uliodharauliwa kuliko ya chapati, na nina hakika si mimi peke yangu.

Jiko la Ukambani lina kalenda nyingine pia, nayo ni ya njaa. Ukimuuliza mzee mwaka wake wa kuzaliwa, huenda akakutajia yua, yaani njaa. Yua ya Ndeke ni ya 1961, ndege zilipoangusha chakula. Yua ya Atta ni ya 1965, unga wa msaada kutoka ng'ambo ulipogawiwa. Ile ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, nafa nikiwa na fedha mkononi, kwa kuwa hela ilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Vyakula vya misaada huitwa mwolyo, na kwa miaka mingi mahindi ya manjano yalikuwa na harufu ya foleni. Wanawake walijifunza kuyapika, kuyachanganya na majani ya kunde, kuyapa chumvi ya kutosha. Hii ni sehemu ya urithi wa mapishi kama ilivyo chapati, na mtu anayeandika juu ya karamu za nchi hii akiiacha njaa nje atakuwa ameandika nusu ya habari.

Sura ya kutisha kuliko zote iko karibu sana nasi. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya kuvu, aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, ndani ya nyumba, kwa hofu ya wezi na ya njaa, na kuvu ikaota ndani yake. Sumu hiyo haionekani kila mara, haina ladha ya kumwonya mlaji, na moto wa jikoni hauiondoi. Huharibu ini. Kuna familia zilizopoteza watu kadhaa waliokula sufuria moja.

Baada ya msiba huo watafiti wa Kenya walipima kinachotokea mahindi yanapogeuzwa muthokoi, wakaona kuwa kutoa ganda na kiini hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sumu hukaa zaidi katika sehemu hizo za punje, ingawa hakuimalizi. Mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kutwangwa, na kinga ya kwanza inabaki kukausha vizuri na kuhifadhi pakavu. Hata hivyo kazi ya mchi na ungo, ambayo kizazi cha mashine ya kusaga kilikuwa kinaiacha, ilionekana kuwa na hekima ndani yake. Nafikiri hapo ndipo heshima ya muthokoi ilipoanza kurudi kwa wengi.

Sababu nyingine ni mji. Mkamba aliyezaliwa Nairobi hali muthokoi kila siku, na kilichokosekana hugeuka hamu. Siku hizi unauona umefungwa katika pakiti safi kwenye rafu za maduka makubwa, umekobolewa kwa mashine. Mikahawa ya mjini inaupika kwa mbaazi na nyama. Katika sherehe za ntheo, wageni wa mjini hupita meza ya wali na pilau wakitafuta sufuria ya muthokoi iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Chapati nayo, kwa kuwa hupatikana kila asubuhi kwenye kibanda chochote cha barabarani, imepoteza utukufu wake wa zamani. Bado hupikwa Krismasi. Haiviziwi tena.

Mazao ya kale nayo yamerudi, kwa njia ambazo wazee hawakuzitarajia. Mtama wa aina ya gadam unapandwa Kitui na Makueni, na sehemu yake kubwa huenda kwa watengenezaji wa bia. Kitui, chini ya gavana Charity Ngilu, ilihimiza ndengu kama zao la biashara, na ndengu kweli huvunwa kabla jua halijaikausha mimea. Makueni imejenga kiwanda cha matunda Kalamba ili maembe yasioze chini ya miti kila Januari. Lakini kinachonifurahisha zaidi kinafanyika majumbani, kwa waokaji wadogo wa Wote, Kitui na Mwingi wanaoutia mtama katika mandazi, biskuti na keki.

Si kazi nyepesi. Mtama hauna gluteni, ule unato wa ngano unaoshika hewa na kuifanya keki iinuke, hivyo keki ya mtama mtupu humong'onyoka na kuwa na chengachenga mdomoni. Dawa yake ni kuchanganya, kuloweka na kuongeza mayai. Kwa keki ya Krismasi ya familia, kipimo hiki kinakubali: kikombe kimoja cha unga laini wa mtama kiloweshwe katika kikombe cha mtindi kwa nusu saa. Piga mayai manne na kikombe cha sukari hadi yawe meupe, mimina robo tatu ya kikombe cha mafuta, kisha kikombe cha embe lililopondwa, la aina ya Ngowe au Apple, mradi limeiva bila nyuzi. Changanya na mtama uliolowa. Malizia kwa vikombe viwili vya unga wa ngano uliochekechwa pamoja na vijiko vinne vidogo vya poda ya kuokea, iliki kidogo na chumvi kidogo sana, na usikoroge kupita kiasi. Mchanga uwe umeshapata moto kabla ya sufuria kuingia. Makaa ya juu yaongezwe baada ya dakika ishirini, na kijiti kichomwe katikati saa moja inapokaribia. Kikitoka kikavu, ipua, uiache ipoe ndani ya sufuria yake kabla ya kuikata, kwa sababu keki yenye mtama hukatika vibaya ikiwa moto.